Mkondo wa Mto: Maneno Machache Juu ya Kuvuka na Kuvua katika Nchi ya Ugogo

Mtu wa pwani afikapo Ugogo mwezi wa Agosti na kuonyeshwa mito yake, hustaajabu: haoni ila mchanga, na akina mama wakichimba humo kutafuta maji. Huuliza, Je, mto gani huu wa kuogopwa? Lakini jina la Dodoma lenyewe lamjibu. Wengi husimulia ya kuwa latoka katika neno la Kigogo, idodomya, maana yake, amezama. Kwani tembo alikuja kunywa maji, akanasa topeni asitoke tena.

Bahari ina zamu zake: maji hujaa, maji hupwa, na mvuvi huzihesabu siku za bamvua na za maji mafu. Mto hauna zamu. Mvua za Ugogo, ambazo hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, ni chache, lakini huanguka kwa nguvu juu ya ardhi ngumu isiyonywa maji upesi. Kwa hiyo korongo huweza kufurika penye jua kali, kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali. Anayetazama mbingu iliyo juu ya kichwa chake tu hudanganyika. Yafaa atazame huko yatokako maji.

Tena nguvu ya mkondo haiendi sawasawa na mwendo wake. Maji yakienda mbio mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Ndiyo maana kivuko alichopita mtoto asubuhi, maji yakiwa magotini, huweza kumwangusha mtu mzima jioni ijapokuwa kina hakikuongezeka sana.

Wavuvi wa mitumbwi tutawakuta Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambapo Ruaha Mkuu ulizuiwa kwa ukuta uliojengwa katika miaka ya 1970. Huko huvuliwa perege na kambale, na viboko na mamba wamo. Katikati ya bwawa hatari ni upepo na mawimbi. Waingiapo Ruaha na Kisigo wakati wa masika, na chini ya ukuta maji yafunguliwapo, hatari ni mkondo. Penye mkondo, nanga hufungwa omo, wala si ubavuni wala tezi, maana mtumbwi uliokingamishwa hujaa maji mara moja. Kamba ya wavu haifungwi mkononi wala kiunoni. Mtu hasimami kuvuta wavu penye maji makali.

Twasema, Mfa maji haishi kutapatapa. Mithali hii yaeleza tabia ya mwanadamu, lakini isiwe mwongozo wake. Mtumbwi ukipinduka, aushike, akae upande wa juu wa mkondo, asije akabanwa kati yake na mwamba. Akichukuliwa peke yake, alale chali, miguu ikitangulia, akate maji kwa mshazari kuelekea ukingoni. Asishindane na mkondo uso kwa uso.

Waalimu wetu wanao watoto wavukao makorongo kwenda shuleni. Twawashauri waweke jiwe ukingoni, wakiwa pamoja na wazee wapajuao mahali hapo, na kuwafundisha watoto hivi: maji yakiligusa jiwe, hakuna kuvuka, hata kama mwalimu anangoja. Naye mwalimu asimpige mtoto aliyechelewa kwa sababu hiyo. Akimpiga, siku ya pili mtoto atavuka.