Jiwe la Goma Lina Matundu

Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka tu, wahandisi wa Goma huanza kuulizwa lile lile. "Papa injinia, Goma yote si jiwe? Mtoto asome ujenzi miaka yote hiyo, na fundi ananyanyua ukuta kwa wiki mbili?"

Jiwe lenyewe ndilo lenye hila. Lava huganda juu kwanza, huku chini ya ukoko ikiendelea kutiririka. Ikiisha kupita, huacha mapango. Kati ya mtiririko mmoja na mwingine hubaki makokoto mepesi yenye vishimo kama sifongo. Fundi hugonga kwa nyundo, akasikia mlio mkavu, akamwaga msingi. Mita mbili chini yake huenda pana utupu mtupu, nao hujulikana siku ghorofa ya tatu inapopanda.

Tena jiwe hilo husogea. Januari 2002 nyufa za volkano ya Nyiragongo zilishuka hadi Munigi, karibu na uwanja wa ndege, na lava ikafunika katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilikomea Buhene, lakini mitetemeko ya siku zilizofuata ilipasua ardhi na kuta mjini Goma, na Gisenyi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka pia. Nyumba ya mbao, ile inayochekwa kuwa ya maskini, huyumba ikasimama. Ukuta wa mawe usiofungwa kwa nondo huangushwa na uzito wake wenyewe.

Hapo mjuaji wa mtaa hutoa dawa yake: ongeza saruji. Haiponyi. Zege hustahimili kukandamizwa. Kuvutwa na kupindwa ni kazi ya chuma, na chuma kinakaa wapi na kwa unene gani ni hesabu, si ukarimu wa mifuko.

Anayetaka kusoma ashike hisabati na fizikia. Kinshasa kuna chuo cha ujenzi, INBTP. Goma kwenyewe kuna chuo kikuu cha ULPGL. Kazi? Barabara kuu, Office des Routes; mitaa na mifereji, OVD; maji, REGIDESO; kupima udongo, kukadiria gharama, kusimamia ujenzi. Hata umeme wa maji wa Matebe, Rutshuru, uliowashwa 2015, ulihitaji mfereji na zege kabla ya waya.

Na mzazi anayejenga ghorofa kabla mtoto hajahitimu, atoboe mwamba chini ya kila nguzo kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.