Kumeza kwa Shida (2): Mfupa Unapoubana Umio

Juma lililopita tulizungumzia saratani ya umio, kiharusi na makovu ya tindikali. Leo nataka kukitetea chanzo adimu ambacho husahauliwa kwa urahisi. Mwaka 1950, Jacques Forestier na Jaume Rotés-Querol walieleza maradhi ya wazee ambamo kano ndefu iliyo mbele ya uti wa mgongo hugeuka mfupa, nao ukateremka juu ya pingili kama nta ubavuni mwa mshumaa. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50, hasa wanene na wenye kisukari. Mgongoni huleta ukakamavu tu, na wengi huishi nayo bila kujua. Shingoni mambo ni mengine, kwa kuwa umio umelala mbele ya pingili zenyewe, na karibu na pingili ya sita umeshikizwa kwenye gegedu ya zoloto, hauna pa kukwepea. Mfupa ukiota hapo, ugali na nyama hukwama ilhali uji na maji hupita. Kwa aliyepatwa na kiharusi, mara nyingi maji ndiyo humpalia.

Wapo watakaosema kwamba wazee chungu nzima wana mifupa ya aina hiyo na wanakula vizuri. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana mfupa kuonekana kwenye picha hakutoshi kuuhukumu. Mgonjwa anywe bariamu, ionekane ikizuiliwa pale pale mfupa ulipochomoza, na saratani iwe imetafutwa isipatikane. Katika ukanda wetu, tangu Kenya hadi Malawi, saratani ya umio ni nyingi mno kwa daktari kuridhika na mfupa mapema.

Basi kwa nini tujisumbue na jambo adimu? Kwanza, mpira wa kamera ukiingizwa kwa nguvu unaweza kuutoboa umio uliosukumwa na mfupa, na eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavu ingetahadharisha mapema. Pili, shida hii ina tiba: chakula laini na dawa za kupunguza uvimbe, na hayo yakishindwa, upasuaji wa kuuchonga mfupa.

Ewe msomaji, ukiwa na mzee ambaye chakula kigumu kinamkwama, mpeleke hospitali sasa, na umweleze daktari kama shingo yake imekakamaa au ana kisukari.