Kabla hujaiacha wodi na kupanda ambulensi

Binti uliyemlipia karo ya uuguzi kwa jasho lako anakuja siku moja na kukuambia kuwa amechoka na wodi, sasa ataka kuwa mhudumu wa dharura katika ambulensi. Usimkemee, mzazi. Nawe muuguzi unayesoma haya baada ya zamu ya usiku, usikimbilie kuandika barua ya kujiuzulu. Kazi hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, lakini hazikulelewa nyumba moja.

Muuguzi haendi huko mikono mitupu. Anajua kutafuta mshipa, kupima shinikizo la damu, kukadiria dawa na, zaidi ya yote, kuzalisha. Mama akishikwa na uchungu ndani ya gari lililokwama kwenye msongamano wa Mombasa Road, kheri huyo kuliko mwanafunzi aliyemaliza kozi fupi ya dharura juzi.

Hata hivyo, wodini mgonjwa huletwa kwako. Yuko kitandani, taa inawaka, oksijeni iko karibu, na ukiita, mwenzako atakuja. Barabarani utamkuta amebanwa chini ya usukani, petroli inanuka, na wapita njia wenye huruma wanamvuta mkono na mguu ili wamtupe nyuma ya pikapu. Wewe uliyezoea kukimbia ukiitwa, hapa sharti kwanza usimame utazame. Je, magari mengine yamesimama? Kuna waya wa stima ulioanguka? Mwokoaji akigongwa, majeruhi wamekuwa wawili. Ndipo umshike kichwa na shingo visitikisike, maana uti wa mgongo ukidhurika zaidi huenda asitembee tena.

Kuna pia suala la mgongo wako mwenyewe. Machela hushushwa kwa ngazi kutoka ghorofa ya nne zisizo na lifti. Moyo ukisimama, kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wodini mtapokezana, ndani ya ambulensi mara nyingi mko wawili, na mmoja anaendesha.

Lakini wengi huvunjwa moyo na jambo jingine: humwoni mgonjwa akipona. Unamkabidhi mlangoni, unaosha damu garini, unaitwa kwingine. Na kuna siku hata huo mlango haupatikani. Mnamo Oktoba 2015 mwanamume aliyegongwa na gari Kangemi, Nairobi, alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, hatimaye akafariki. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Anayebaki garini na mgonjwa, akitazama mtungi wa oksijeni ukipungua, ni mhudumu.

Ikiwa bado moyo unakutuma, usiiache leseni yako ya Baraza la Wauguzi ikafa. Ihuishe hata ukivaa sare nyingine. Muulize mwajiri waziwazi kama anakuajiri kama muuguzi au kama mhudumu wa dharura, na mshahara ni upi, kwani huenda ukateremka ngazi kwa kujitakia. Tena si lazima uuache uuguzi kabisa. AMREF, ambao madaktari wao wa ndege walianza mwaka wa 1957, hutumia wauguzi kuwasindikiza wagonjwa angani kutoka uwanja wa Wilson. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kwa aliyefanya kazi miaka kadhaa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Wengine wanaweza kuanza kwa kujitolea siku za mapumziko. St John Ambulance, walioko Kenya tangu 1928, hufunza huduma ya kwanza. Ukipata ruhusa ya kuandamana na wahudumu zamu moja tu, chagua Ijumaa ya mwisho wa mwezi, usiku, na uvae viatu visivyoteleza.