Kliki ya Kushoto Ikigoma Usiku wa Asainimenti

Saa sita usiku, asainimenti inatakiwa asubuhi, na mausi haibofyi tena. Tulia. Kwanza bonyeza Ctrl na S kazi ihifadhiwe. Kibodi yako ni nzima.

Sasa jiulize: mgonjwa ni mausi au kompyuta? Chomeka mausi hiyo kwenye laptopu ya mwenzako wa chumba.

Ikigoma na huko, mausi ndiyo imechoka. Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo, na kubonyezwa kila siku kunaimaliza. Dalili zake: unabofya mara moja inahesabu mbili, au mpaka ukandamize kwa nguvu. Hapo azima nyingine, umalize kazi.

Ikikubali huko, rudi kwako. Hamisha mausi kwenye tundu lingine la USB. Bado? Zima kompyuta, washa upya.

Halafu kuna hii: unabofya kushoto, inakuja menyu ya kulia, unabofya kulia, faili linachaguliwa. Hakuna kilichoharibika. Vitufe vimebadilishana tu, maana Windows ina mpangilio huo kwa wanaotumia mkono wa kushoto. Kama mnachangia kompyuta, huenda mtu aliubadili akausahau. Bonyeza kitufe cha Windows, andika "mouse", piga Enter, kisha kwenye "Primary mouse button" chagua "Left".

Muhula uliopita nilimlipa fundi elfu tano kwa hilo tu. Alitumia nusu dakika, na chai akanywa. Wewe hiyo hela kalie wali maharage.