Kiswahili kama Lugha ya Tendo katika Makumbusho Shirikishi: Mtazamo kutoka Kiyovu, Kigali

Utangulizi

Katika makumbusho shirikishi, mgeni hatazami vitu tu. Hushika mchi, hupepeta nafaka, husukasuka kibuyu cha maziwa, huku akielekezwa na fundi aijuaye kazi hiyo. Afrika Mashariki ina mifano ya muda mrefu ya kuhifadhi maisha ya jadi nje ya kabati la kioo. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, huonyesha nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania; Bomas of Kenya ilianzishwa jijini Nairobi mwaka 1971. Nchini Rwanda, makumbusho ya Rukari mjini Nyanza yana makazi ya mfalme yaliyojengwa upya kwa mtindo wa jadi, yakiwa na nyumba ya maziwa, nyumba ya pombe, na ng'ombe aina ya inyambo ambao wachungaji wao huwaimbia.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Makala haya yanajadili namna lugha hiyo inavyopaswa kuingia katika makumbusho ya aina hii. Hoja inayotetewa ni kwamba haitoshi Kiswahili kuongezwa kama mstari wa nne kwenye kibao cha maelezo. Kinapaswa kuingia kama lugha ya tendo, na katika maonyesho ya maisha ya mji, kama sehemu ya urithi wenyewe.

Majina na vitenzi vya ufundi

Istilahi za ufundi wa jadi wa Rwanda, zinapotafutiwa visawe vya Kiswahili, huangukia katika makundi matatu. Kundi la kwanza lina visawe kamili: urutaro ni ungo, isekuru ni kinu, umuheto ni uta. Kundi la pili lina visawe pungufu. Agaseke huweza kuitwa kikapu, lakini kikapu hakionyeshi kifuniko chake chenye ncha wala hadhi yake, ilhali chombo hicho kimo katika nembo ya taifa. Icyansi ni chombo cha maziwa, lakini si kila chombo cha maziwa ni icyansi. Kundi la tatu halina kisawe: imigongo, sanaa ya michoro yenye matuta inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe, haina jina jingine.

Kibao kikiandika “kikapu” pekee, msomaji hudhani ameelewa, na tofauti iliyobebwa na neno agaseke hupotea bila mtu kuihisi. Athari ni kubwa zaidi kwa vitenzi. Kitu kilichowekwa kabatini huhifadhi jina lake. Kitenzi huhifadhiwa na mkono unaofanya kazi. Igisabo kinaweza kubaki rafuni miaka mia, lakini kitenzi gucunda, yaani kusukasuka maziwa ili kupata siagi, hudumu pale tu mtu anapokipakata kibuyu, akakiyumbisha, na kusikiliza mlio wa maziwa unavyobadilika. Kwa mgeni kutoka Mombasa au Bukavu, jina la Kinyarwanda likitamkwa kazi ikiendelea, kisha likafafanuliwa kwa Kiswahili, hueleweka bila kulazimisha kisawe.

Ufundi wa mji na maneno yake

Hoja ya pili inaonekana wazi zaidi Kiyovu. Mtaa huu na Biryogo zimo katika sekta moja ya Nyarugenge, lakini historia zake ni tofauti. Kiyovu ilijulikana kwa makazi ya wakubwa wa enzi ya ukoloni, na ubavuni mwake kukawa na Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, ambayo ilibomolewa mwaka 2008 na baadhi ya wakazi wake kuhamishiwa Batsinda. Biryogo, kwa upande wake, ndiyo iliyokuwa makazi ya Waislamu na wasemaji wa Kiswahili chini ya utawala wa Wabelgiji.

Kigali ilianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, wakati utawala wa Wajerumani ukitumia Kiswahili katika shughuli zake. Mji mdogo uliokua hapo uliacha alama katika Kinyarwanda: umufundi, umusumari, amabati, idirishya, ameza, isahani. Inyundo ni neno la Kibantu linalopatikana katika lugha zote mbili, lakini umusumari, lenye asili ya Kiarabu, limepitia Kiswahili. Hivyo msamiati wa mhunzi wa kijijini na ule wa fundi ujenzi wa mjini husimulia historia mbili, na ya pili haielezeki bila Kiswahili.

Hapa ndipo penye pengo. Maonyesho ya jadi huelekea kuonyesha ikulu na kijiji, huku fundi cherehani, seremala na fundi bati wakionekana wa karibuni mno kuitwa urithi. Lakini mtaa kama Kiyovu cy'abakene ukishabomolewa, majina ya vifaa, vipimo na hatua za kazi zilizofanyika humo hubaki kwa watu waliotawanyika, nao wanazeeka.

Mapendekezo na hitimisho

Rwanda ina nafasi ambayo nchi nyingi hazina, kwa kuwa Inteko y'Umuco inasimamia lugha na makumbusho chini ya paa moja. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vibao vya Kiswahili vihifadhi jina la Kinyarwanda, kisha vilifafanue, badala ya kulibadilisha. Pili, istilahi zikusanywe fundi akiwa kazini, vitenzi vikipewa uzito sawa na majina. Tatu, mafundi wa Nyarugenge, pamoja na waliohamishwa, waalikwe kuwa waelekezi wa maonyesho ya maisha ya mji.

Pendekezo la tatu ndilo la haraka. Vibao vinaweza kuandikwa upya mwaka wowote, lakini fundi anayejua jina la kila hatua ya kazi yake hawezi kusubiri mzunguko mwingine wa bajeti.