Umetoka Nai Ukahamia Kigali? Cheki Kushoto Kwanza, Msee

Ukitoka Nai na basi ya Kigali kupitia Kampala, kuna kitu itakushtua pale mpaka wa Gatuna. Dere anavuka, anahama upande wa barabara. Sisi, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto juu ya Mwingereza. Rwanda walitawaliwa na Mbelgiji, so wao ni kulia.

Wasee hudhani hiyo ni shida ya madere pekee. Zii. Mimi sikuwa na gari huko na bado nusura nigongwe wiki ya kwanza. Nilifanya vile nimefanya tangu nikiwa mtoi: nikacheki kulia, nikaona hakuna kitu, nikaingia lami. Nduthi ilikuwa inatoka kushoto. Jamaa alifunga breki, akaniangalia tu. Afadhali angenitusi.

So shika hizi mapema:

Kuvuka. Huku gari ya kwanza kukufikia hutoka kulia. Huko hutoka kushoto. Usiamini mazoea, hasa ukiwa umechoka ama uko kwa simu.

Kushuka. Mlango wa mathree zetu uko kushoto, wa huko uko kulia. Hata kwa nduthi, shukia kulia. Kushoto ndio magari yanapita.

Raundabauti. Huku tunazunguka vile mishale ya saa huzunguka. Huko ni kinyume, so unacheki kushoto kabla uingie.

Nduthi. Abiria ni mmoja, na dere anakupea helmeti. Ile mambo ya kubebana watatu Kawangware hadi Westi, sahau.

Mwendo. Kuna kamera za barabarani, wenyewe huziita Sofia. Na kamera haiongeleshwi.

Umuganda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu hufanya kazi ya jamii asubuhi, na magari husimama hadi saa tano. Usipange safari hiyo masaa.

Sasa, noma ingine ni kurudi. Siku ya kwanza nikiwa tao nilisimama kwa zebra ya Moi Avenue nikingoja magari yasimame. Yakapita. Mathree ya 46 ikapita ikinipigia honi. Mathe mmoja mwenye mzigo akanishika mkono: "Kijana, hapa utalala."

Alinikumbusha sheria zetu, zile hazijaandikwa. Usivuke solo, ngoja watu wajae. Inua mkono, angalia dere kwa macho. Akikuwashia taa, usikimbie bado: anaweza kuwa anasema "pita" ama "nakuja, kaa hapo." Ngoja uone gari ikipunguza mwendo.

Hiyo ndio kitu hakuna mtu huambiwa kabla asafiri. Kichwa inajifunza sheria mpya na siku moja, lakini miguu na shingo zinakaa na za zamani kwa wiki kadhaa. Na ni miguu ndio huingia barabara.

Sahi mimi hucheki pande zote mbili, hata kwa barabara ya njia moja. Mabeshte hunicheka. Lakini na vile nduthi za Nai hutokea, nani mjinga hapo?