Nipe au naomba? Adabu ndogo zinazojenga na kubomoa biashara mpakani

Mfanyabiashara kutoka Nairobi anaingia kwenye duka la jumla Arusha na kusema, "Nipe katoni kumi za sabuni." Kwake hiyo ni lugha ya kawaida. Muuzaji anamtazama, anampa katoni zake na kumtajia bei ya juu kuliko aliyomtajia mteja wa kwanza. Siku nyingine Mtanzania yuko Gikomba, Nairobi, anasema kwa upole, "Naomba hizi suruali tatu." Muuzaji anacheka na kumuuliza kama anataka kupewa bure.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Wote wamezungumza Kiswahili, na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999 unakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kuendelezwa kwa mawasiliano ya watu wetu. Lakini lugha ni moja, adabu zake ni nyingi. Anayevuka Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo kutafuta riziki analazimika kuzijua.

Mfanyakazi wa benki ana jengo, sare na nembo ya kumtambulisha. Mfanyabiashara mdogo wa mpakani, na wengi wao ni wanawake, hana hivyo. Mteja wa upande wa pili hajui nyumbani kwake wala ndugu zake, na fedha zikipotea si rahisi kumfuata. Kitu pekee anachoweza kumpimia ni mwenendo wake: anavyosalimu, anavyotunza muda, anavyofunga gunia na anavyosema mambo yakiharibika. Kwa huyu, adabu ya kazi ndiyo dhamana yake ya mkopo.

Salamu kabla ya bei

Tanzania, kuuliza bei kabla ya kujuliana hali ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi. Mtu mzima anapewa shikamoo hata kama unamdai. "Naomba" na "nisaidie" ndiyo maneno ya dukani, na kuyatumia hakukupunguzii hadhi.

Kenya, hasa bara, salamu ni fupi. Ukitumia dakika tano kuuliza habari za watoto na mashamba wakati foleni iko nyuma yako, utaonekana unapoteza muda wa watu. "Nipe" ya Mkenya haina kiburi. Adabu yake iko kwenye sauti na uso, haiko kwenye kitenzi.

Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini wapo wazee wanaokihusisha na askari wa miaka ya nyuma. Ukianza na "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, kisha ukaomba kuendelea kwa Kiswahili, mlango utafunguka. Rwanda na Burundi, "Mwaramutse" asubuhi na "Mwiriwe" baada ya mchana hufanya kazi hiyo hiyo. Na Mswahili wa pwani anayedhani "Jambo" ni salamu ya watalii asishangae kuisikia Goma na Bukavu kutoka kwa wenyeji wenyewe. Huko ni salamu ya kweli, na inafuatiwa na "Papa" au "Mama" kwa heshima.

Huhitaji kujifunza lugha sita. Maneno mawili ya salamu kwa kila soko unalokwenda yanatosha kumwonyesha mwenzako kwamba umemjia yeye, hukufuata fedha zake tu.

Saa ya nani?

Lawama nyingi za kuchelewa hazitokani na uvivu. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele kwa saa moja ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Sudan Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma Februari 2021, hivyo anayepeleka bidhaa Juba kupitia Elegu anavuka na saa pia. Saa tatu asubuhi upande wa Tanzania pale Rusumo ni saa mbili ng'ambo ya daraja. Mnyarwanda aliyeahidi kufika Benako saa tatu akisoma saa ya Kigali, atakukuta umeshamsubiri saa nzima na umeshakasirika.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Ujumbe unaosema "tukutane 2:00" mmoja atausoma saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana. Andika kwa maneno, taja asubuhi au mchana, kisha ongeza "saa za Tanzania" au "saa za Rwanda". Ni maneno matatu tu, na yanaokoa nauli ya siku nzima.

Kabla ya kupanga safari, uliza pia kalenda ya mwenzako. Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za jamii, na asubuhi hiyo maduka hufungwa. Kumpigia mteja simu mfululizo wakati huo ukimtaka aje kupokea mzigo ni kumwonyesha kwamba hujali mambo ya kwao.

Gunia lako linakutambulisha

Mteja wa ng'ambo mara nyingi anauona mzigo wako kabla hajakuona wewe. Kenya huuza nafaka kwa gorogoro, Tanzania kwa debe na sado, na kila soko lina chombo chake. Mnapopatana, patana kwa kilo. Tanzania, Wakala wa Vipimo hupiga vita lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu. Kenya, kanuni za mwaka 2019 ziliweka mfuko wa viazi kuwa kilo 50. Anayeshikilia lumbesa anajiona mjanja, lakini upande wa pili anajulikana kama mtu wa kupimiwa upya kila safari.

Ubora ni vivyo hivyo. Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ilifungua kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kupimwa, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Agizo hilo halikuuliza nani alikausha vizuri na nani alianika chini barabarani. Waliokuwa waangalifu walikwama pamoja na wazembe. Kukausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5 na kumwambia mnunuzi ukweli kuhusu gunia lililolowa ni adabu kwa mteja wako, na pia kwa wenzako mnaovuka mpaka mmoja.

Usisahau kifungashio. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, Kenya ikafuata Agosti 28, 2017 na Tanzania bara Juni 1, 2019. Kuingia na mfuko wa plastiki mkononi ni njia ya haraka ya kuanza safari kwa mabishano na ofisa.

Mbele ya dirisha la ofisa

Vituo vya huduma za pamoja mpakani vimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Rusumo kilizinduliwa Aprili 2016, Mutukula Novemba 2017, Busia Februari 2018 na Namanga Desemba 2018. Foleni ya huko inakwenda kwa kasi ya yule asiyejiandaa. Kitambulisho kikiwa chini kabisa ya mzigo na risiti kwenye mfuko wa kaptura ya dereva, unachelewesha watu ishirini.

Panga nyaraka zako kwenye faili moja: hati ya kusafiria, risiti za ununuzi, cheti cha afya ya mimea kama unabeba mazao. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani bila malipo. Kikiwa mkononi, hutozwi ushuru wa forodha, ingawa tozo nyingine za nchi unayoingia zinaweza kubaki.

Hapa wengi huchanganya heshima na woga. Kumsalimu ofisa, kumwita kwa cheo chake na kuongea bila kupayuka ni adabu. Kumpa chai ili asikague mzigo halali si adabu. Unamfundisha bei yako, na kesho atamdai yule anayekufuata, ambaye mtaji wake ni nusu ya wako. Ukitajiwa malipo usiyoyaelewa, uliza kwa utulivu ni ya nini na omba risiti ya serikali. Ukikataliwa, omba kuonana na msimamizi wa zamu. Baadhi ya mipaka ina dawati la taarifa za biashara kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, litumie. Sauti ya chini yenye nyaraka kamili hubishiwa mara chache.

Siku ya kukwama

Sifa ya mtu hupimwa zaidi siku mambo yanapoharibika. Mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena mpaka Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu. Nyuma ya kila mpaka unaofungwa ghafla kuna madeni ambayo hayajalipwa na mizigo ambayo haijafika.

Wakati kama huo mtu hujaribiwa kuzima simu. Ndilo kosa linaloua biashara. Mpigie mteja kabla hajakupigia. Mwambie mzigo uko wapi, umekwama kwa sababu gani na wewe unafanya nini. Kama ulipokea malipo ya awali, taja tarehe ya kuyarudisha na uyarudishe, hata kwa vipande vipande. Kama ni wewe unayedaiwa, tuma kidogo unachoweza kwa simu na uandike salio lililobaki, ili kila mmoja awe na hesabu ile ile.

Mipaka hufunguliwa tena. Asubuhi ya kwanza mnunuzi hushika simu kutafuta atakayemletea mzigo, na huanza na namba iliyokuwa ikipokelewa wakati wa shida.